Kila Kupatwa kwa Jua Kuna Mstari Wake

Hotuba hii ilitolewa jijini Mbeya mbele ya wanafunzi, walimu wa sayansi na wazazi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwagonile, ndugu zangu wa Mbeya. Nanyi mliopanda magari alfajiri kutoka Njombe na Iringa, kamwene. Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi mliojaa mpaka madirishani, hamjambo?

Naanza na swali. Ukiulizwa leo jua lilipatwa lini hapa kwetu, utajibu nini? Wengi watasema, "Ule mwaka wageni walipojaa Rujewa." Wengine watasema, "Mwaka ule tuliokusanyika uwanjani tukagawana miwani." Majibu hayo si mabaya. Lakini tarehe ni ipi? Saa ngapi? Jua liliachwa na kiasi gani? Ulisimama wapi? Hapo ukumbi unanyamaza, kama ulivyonyamaza sasa hivi.

Nina jambo moja la kuwaambia. Kupatwa kule mlikokuona kumeandikwa. Kuna mstari mmoja wa tarakimu, na mtoto wa kidato cha pili akielekezwa kidogo anaweza kuusoma. Ila mstari huo una nusu tu ya habari. Unasema jua na mwezi vilifanya nini. Hausemi watu wa Usangu, kule Rujewa wilayani Mbarali, waliona nini. Nusu hiyo ni kazi yetu.

Mstari huo umo katika orodha kubwa waliyonayo wataalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota: kupatwa kwa jua kwa miaka 5,000, kuanzia mwaka 2000 kabla ya Kristo hadi mwaka 3000 baada yake. Waliokokotoa ni Fred Espenak, Mmarekani wa NASA, na Jean Meeus, Mbelgiji. Ndani yake mna kupatwa 11,898. Sikilizeni mgawanyo wake, maana tumezoea kudhani kupatwa ni kwa aina moja: kwa sehemu 4,200, kwa pete 3,956, kamili 3,173, na kwa mseto 569. Kwa sehemu, mwezi unalimega jua upande na kuliacha. Kamili, mwezi unalifunika lote na mchana unageuka giza. Kwa pete, mwezi upo katikati kabisa ya jua lakini siku hiyo uko mbali nasi, unaonekana mdogo, hautoshi kulifunika. Jua linabaki duara la moto pembeni. Na mseto? Huo ni ule ambao kwenye njia moja, siku moja, watu wa huku wanaona pete na watu wa kule wanaona giza kamili, kwa sababu dunia ni mviringo na mgongo wake wa katikati uko karibu zaidi na mwezi. Majirani zetu waliupata tarehe 3 Novemba 2013, kivuli kilipotoka Atlantiki kikapita Gabon, Kongo, Uganda kaskazini na Turkana kule Kenya.

Kabla ya kompyuta kazi hii ilifanywa kwa kalamu. Theodor von Oppolzer wa Vienna, pamoja na wasaidizi wake, alikokotoa kupatwa kwa jua 8,000 na kwa mwezi 5,200. Alifariki Desemba 1886. Kitabu kikatoka 1887. Nikifikiria hesabu ile, tarakimu juu ya tarakimu, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya vivuli ambavyo vingi havikuwa vimefika bado, namheshimu sana mtu yule.

Sasa tusome mstari wetu. Wanafunzi, toeni daftari.

Tarehe: 1 Septemba 2016. Aina: A, yaani pete. Saa ya kilele: 9:08:02 kwa wakati wa wanafalaki, toeni sekunde 68, nitaeleza kwa nini, mnapata 9:06:54 ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa sita na dakika saba mchana. Mahali pa kilele: nyuzi 10.7 kusini, nyuzi 37.8 mashariki. Nani ana ramani? Weka kidole. Ndiyo! Ni Tanzania. Ni kule kusini, upande wa Tunduru. Watu wanasafiri duniani kufuata kilele cha kupatwa, na mwaka ule kilele chenyewe kilikuwa ndani ya nchi yetu. Upana wa njia: kilomita 100. Muda wa pete pale kilele: dakika 3 na sekunde 6.

Kuna tarakimu nyingine mbili kwenye mstari huo ambazo nataka muondoke mnazijua.

Ya kwanza inaitwa gama. Chora mstari kutoka katikati ya jua, upite katikati ya mwezi, uendelee hadi duniani. Je, unapita kando ya kitovu cha dunia kwa umbali gani? Jibu hupimwa kwa nusu-kipenyo cha dunia. Gama ikiwa sifuri, kivuli kimelenga kitovu barabara. Ikiwa chanya, kimepita kaskazini yake. Ikiwa hasi, kusini. Ikizidi moja kidogo tu, kitovu cha kivuli kinaikosa dunia na tunaambulia kupatwa kwa sehemu. Gama ya 2016 ilikuwa −0.3330. Hasi: kusini. Theluthi moja. Na sisi tupo wapi? Kusini kidogo ya ikweta. Tarakimu moja, na tayari unajua kwa nini kivuli kilikuja Mbarali na hakikwenda Misri. Njia hii ya kukokotoa, ya kukata kivuli kwa bapa linalopita katikati ya dunia, tuliachiwa na Mjerumani Friedrich Bessel katika karne ya 19, na mpaka leo kompyuta zinaifuata.

Ya pili ni ukubwa wa kupatwa: 0.9736. Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo habari za redioni na magazetini hukosewa. Siku ile watu walikuwa wanaambiana, "Jua litafunikwa asilimia 97." Sivyo. Tarakimu hii inapima kipenyo, haipimi eneo. Kipenyo cha mwezi kilikuwa 0.9736 ya kipenyo cha jua. Mnataka eneo? Zidisha tarakimu hiyo kwa yenyewe. Nani amemaliza? 0.948. Sawasawa. Kwa hiyo eneo lililofunikwa lilikuwa karibu asilimia 95, na asilimia 5 ya jua ilibaki inawaka.

Asilimia 5 ya jua ni kitu gani? Ni mchana bado. Nilikuwa Rujewa siku ile, na wapo watu waliorudi nyumbani wamekata tamaa kwa sababu walisubiri usiku na usiku haukuja. Mwanga ulififia, ukawa wa kijivu, kibaridi kikapita kwenye ngozi, lakini usiku haukuja. Kama wangeusoma mstari wao mapema, wangejua kwamba herufi A na tarakimu 0.9736 zilishawaambia: usisubiri giza, tazama pete. Na wangetazama chini pia. Chini ya miembe, kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa unaangusha picha ya jua ardhini. Kwanza vipande kama kucha, maelfu, vyote vimeelekea upande mmoja. Kisha, kwa dakika zile chache, kucha zikafunga na kuwa pete. Pete juu ya vumbi, pete juu ya shati la mtoto, pete mgongoni mwa mbwa aliyelala. Mtoto yule alikuwa anajaribu kuzifuta kwa mkono. Orodha ya NASA haina habari hiyo. Inayo tarakimu zote na habari hiyo haina.

Ndugu zangu, nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwenye mstari wa 2016 kuna namba 135. Hiyo ni namba ya ukoo.

Kupatwa kwa jua kuna koo. Wababeli waligundua, kwa kutunza kumbukumbu kizazi hadi kizazi, kwamba baada ya miandamo 223 ya mwezi, yaani miaka 18 na siku kama 11, kupatwa kunajirudia kwa namna ileile. Kwa nini? Kwa sababu katika siku hizo mwezi unakuwa umeandama mara 223 kamili, umeikata njia ya jua kuelekea kaskazini mara 242 karibu kamili, na umesogea karibu na dunia na kurudi mbali mara 239 karibu kamili. Mizunguko mitatu tofauti inakutana mahali pamoja. Mzunguko huo wanafalaki wanauita Saros, na koo zilipewa namba na Mholanzi George van den Bergh mwaka 1955. Ukoo wa 135 ulianza tarehe 5 Julai 1331 na utakwisha tarehe 17 Agosti 2593, ukiwa na watoto 71. Ndugu wa kupatwa kwetu aliyetangulia aliitembelea Sumatra na Borneo tarehe 22 Agosti 1998. Anayefuata atakwenda Amerika Kusini tarehe 12 Septemba 2034.

Mbona hawarudi mahali pamoja? Kwa sababu siku 11 zile zina mkia: theluthi ya siku, yaani saa nane hivi. Katika saa nane dunia inakuwa imezunguka theluthi, kwa hiyo kivuli kinaangukia upande mwingine wa dunia. Basi ukingoja mara tatu, miaka 54 na mwezi mmoja hivi, theluthi tatu zinatimiza siku nzima, na ukoo unarudi upande wako.

Sasa niwape kisa cha ukoo wa 136.

Tarehe 29 Mei 1919. Waingereza wawili, Arthur Eddington na Edwin Cottingham, wapo kisiwa cha Principe, pwani ya magharibi ya Afrika. Wenzao wawili wapo Sobral, Brazil. Wanataka kupiga picha za nyota zilizo karibu na jua wakati jua limefunikwa, waone kama mwanga wa nyota unapinda unapopita kando ya jua kwa kiasi alichokisema Einstein. Principe asubuhi hiyo mvua imenyesha, mawingu yametanda, na picha chache tu zinafaa. Sobral wanapata nzuri zaidi. Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yanatangazwa London, na Einstein anajulikana dunia nzima. Kisa hiki mmekisikia. Vitabu vyote vinacho.

Lakini vitabu vinaishia Principe. Nawauliza: kivuli kiliishia Principe? Hakikuishia! Kivuli hakina habari na Eddington. Kiliendelea. Kikavuka Kongo. Kikafika Ziwa Tanganyika. Kikapita ncha ya kaskazini ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ng'ambo tu ya mto Songwe, kikaingia kusini mwa nchi hii, kikatokea kaskazini ya Msumbiji na kwenda kumalizikia Bahari ya Hindi. Ilikuwa jioni, jua limeshuka upande wa magharibi. Kivuli kilekile kilichompa Einstein jina kilipita kwenye nyanda hizi hizi, juu ya vichwa vya babu na bibi zetu. Nani kati yetu aliwahi kumwuliza babu yake? Nani aliandika alichosimuliwa?

Nikasema miaka 54. Jumlisheni. 1919 na 54 ni 1973. Tarehe 30 Juni 1973 ukoo wa 136 ulirudi Afrika, na safari hii ukapita Sahara, Sudan, hadi Ziwa Turkana kaskazini ya Kenya. Pale kilele, giza lilidumu dakika 7 na sekunde 4. Wanasayansi walipanda ndege ya Concorde wakakifukuza kivuli juu ya Sahara, wakakaa ndani yake dakika 74. Jumlisheni tena. 1973 na 54 ni 2027. Tarehe 2 Agosti 2027 ukoo huohuo unapita Misri, na pale Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6, kisha kivuli kinavuka Bahari ya Shamu kwenda Yemen na kugusa Somalia.

Mnaona kinachotokea? Nyasa, halafu Turkana, halafu Luxor. Kila baada ya miaka 54 ukoo unapanda kaskazini. Gama yake ilikuwa hasi mwaka 1919, ikakaribia sifuri mwaka 1973, na mwaka 2027 ni chanya. Hesabu mliyojifunza dakika kumi zilizopita inaeleza safari ya zaidi ya karne moja, kutoka kwetu hadi kwa Mafarao.

Niliwaahidi habari ya zile sekunde 68. Mstari unatoa saa mbili tofauti kwa sababu saa ya hesabu haibadiliki, lakini saa ya dunia inachelewa. Bahari zikivutwa na mwezi, kupwa na kujaa, zinaukwamisha mzunguko wa dunia kidogo kidogo. Tumejuaje? Mashahidi wengine ni waandishi wa Babeli. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo jua lilifunikwa lote pale Babeli, asubuhi. Mwandishi akaandika kwenye kigae cha udongo muda gani ulikuwa umepita tangu jua lichomoze, akaandika kwamba sayari za Zuhura na Utaridi zilionekana, na nyota, na sayari za Mshtarii na Mirihi. Kigae hicho kipo hadi leo, kipo British Museum. Wanafalaki wakikokotoa kupatwa huko kama vile dunia haijawahi kupunguza mwendo, kivuli kinaangukia karibu nyuzi 49 magharibi ya Babeli. Lakini mwandishi alikiona Babeli! Kwa hiyo dunia imepunguza mwendo, na kwa tofauti ile tunapata kiasi. Siku yetu leo ni ndefu kuliko yake kwa karibu sehemu nne za mia za sekunde.

Hebu fikirini. Mtu mmoja, kijiti na udongo. Hakuwa na darubini. Aliandika saa, akaandika mahali, akaandika alichokiona bila kuongeza chumvi. Miaka zaidi ya 2,100 baadaye maneno yake yanasaidia kupima mwendo wa dunia.

Na Edmond Halley wa Uingereza alilielewa hilo. Kabla ya kupatwa kwa tarehe 3 Mei 1715 alichapisha ramani ya njia ya kivuli ikauzwa mitaani, na akawaomba watu wa kawaida, mahali popote walipo, waandike giza lilianza na kuisha lini na lilidumu muda gani. Taarifa zikaja kutoka pande zote za nchi. Alikuwa amekosea saa kwa dakika kama nne, na njia kwa kilomita kama 30, na kwa taarifa zile akachora ramani mpya iliyosahihishwa. Hawakuwa maprofesa wale. Walikuwa watu waliokubali kutazama saa.

Sasa wazee, nawageukia ninyi. Tarehe 18 Aprili 1977, mchana. Kupatwa kwa pete, ukoo wa 138, kutoka Namibia, Angola na Zambia hadi Malawi kaskazini na Tanzania. Nani anakumbuka? Naona mikono. Naomba wanafunzi walioandaa shughuli hii wasimwache mzee yeyote aliyenyoosha mkono aondoke kabla hawajaandika: alikuwa kijiji gani, alikuwa anafanya kazi gani wakati ule, mwanga ulikuwaje, watu walisema nini, kuku walifanya nini. Andikeni kwa maneno yake, msiyanyooshe.

Kwa nini leo? Kwa sababu 1977 na 54 ni 2031. Tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, ukoo wa 138 unarudi: Angola, Zambia, Tanzania, halafu bahari hadi India. Ni A, pete. Ukubwa wake pale kilele ni 0.9589, zidisheni wenyewe mtapata pete nene kuliko ya Rujewa. Hata asiye ndani ya njia, hapa nyanda za juu ataona jua limeliwa sana.

Macho kwanza. Kwenye kupatwa kwa pete hakuna hata sekunde moja ya kutazama kwa macho matupu, kwa sababu jua halifunikwi lote. Tumia miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 ambayo haijakwaruzwa, au kioo cha kuchomelea cha namba 14. Miwani ya mtindo, hapana. Filamu ya eksirei, hapana. Kioo kilichopakwa masizi, hapana. Beseni la maji ambalo wengi wetu tulifundishwa utotoni, hapana. Asiye na miwani atoboe boksi kwa sindano, alipe jua mgongo, atazame picha ndani yake.

Kisha daftari. Saa ya simu iliyopangwa na mtandao, sekunde zionekane. Andika mwezi ulipoligusa jua mara ya kwanza, pete ilipofunga, ilipokatika, na mwezi ulipoliachia. Wakati pete inafunga na kukatika tazama ukingo: utaona mwanga umegawanyika kama shanga, kwa kuwa unapenya kwenye mabonde ya mwezi. Francis Baily alizieleza akiwa Scotland mwaka 1836 na zimebaki na jina lake. Andika ulipo, latitudo na longitudo, simu inazo. Kama hukuona pete, andika hukuiona: shule mbili, moja imeona na nyingine haikuona, kati yao ndipo ukingo wa njia ulipopita, na hilo ndilo lililokuwa na thamani kwa Halley. Andika joto kila dakika tano. Andika ng'ombe, andika ndege, andika bibi alisema nini.

Walimu wa shule zilizopo hapa, karatasi ya kujiandikisha iko mezani karibu na mlango. Nataka angalau shule moja kutoka kila wilaya, Ileje hadi Mufindi. Wazee wa 1977, tukutane hapa mbele sasa hivi. Vijana wana kalamu tayari.